Tipu inavunjika kwenye mkato wa pili: ni feki, au ni namna ninavyoifunga?

*Swali:* Mwalimu, shikamoo. Niko Kizota hapa Dodoma, nina karakana ndogo yenye mashine moja ya kukereza. Miaka yote nimetumia visu vya haispidi, vile vya chuma kigumu cha kukatia, ninavyonoa mwenyewe. Mwezi uliopita nikanunua holda ya kushikia tipu, imeandikwa PCLNR 2020K12, pamoja na boksi la tipu kumi za CNMG 120408, vile vipande vidogo vya kukatia vya kufunga na kubadilisha. Nakereza shafti za mashine za kukamua alizeti, kipenyo milimita 50, spidi naweka mizunguko 280 kwa dakika. Nyingine ni shafti kuukuu zilizojazwa kwa kuchomelea, narudishia saizi. Tipu ya kwanza ilipasuka kwenye shafti ya kuchomelea. Zilizofuata zinapasuka hata kwenye chuma safi, mkato wa pili au wa tatu, na zisipopasuka zinalia na kuacha mawimbi. Nimekaza mpaka alenki imepinda. Nimeshamaliza sita. Nimeuziwa feki, au kuna namna ya kufunga ambayo sijaijua? Nakutumia picha ya holda.

*Jibu:* Marahaba, mdogo wangu, na pole. Tipu sita ni hela ya chakula cha nyumbani, najua. Nimeiangalia picha yako kwa makini, na nimesoma maneno yako mara mbili, kwa sababu ndani yake kuna jambo umelisema bila kulikusudia. Umesema ya kwanza ilipasuka kwenye shafti ya kuchomelea, na zilizofuata zikapasuka hata kwenye chuma safi. Hayo ni magonjwa mawili. Tipu ya kwanza iliuawa na kitu kimoja, hizo tano zimeuawa na kitu kingine, na hicho cha pili kiliachwa na ile ya kwanza ilipokuwa inakufa. Nitaanza na cha pili kwa sababu ndicho kinachokula hela yako sasa hivi.

Alenki iliyopinda imeniambia unaamini kwamba skrubu ndiyo inayoishika tipu. Wengi tunaotoka kwenye haispidi tunaamini hivyo, kwa sababu kisu cha haispidi ni kipande kimoja, unakibana na bolti za tulposti, kile kishikio cha visu kwenye mashine, na kazi inakwisha. Kwa tipu sivyo. Skrubu kazi yake ni kuipeleka tipu mahali pake na kuizuia isitoke. Anayeibeba ni kiti: ule uso wa chini inapolalia, na zile kuta mbili za nyuma inapoegemea. Kiti kikiwa na kasoro, kukaza zaidi kunaongeza madhara tu.

Tufanye hesabu. Ukichukua mkato wa kina cha milimita 2, na kisu kikasogea milimita 0.25 kwa kila mzunguko, unakata chuma chenye eneo la nusu milimita ya mraba. Chuma cha kawaida kinadai takribani Nyutoni 2000 kwa kila milimita ya mraba. Kwa hiyo ncha yako inabeba kama Nyutoni 1000, yaani uzito wa kilo 100. Hilo ni gunia zima la mahindi kama yale ya soko la Kibaigwa, limewekwa juu ya mahali padogo kuliko punje ya mtama. Mzigo huo unashuka kutoka kwenye ncha, unapita katika mwili wa tipu, unaingia kwenye shimu, lile bamba dogo lililo chini yake, kisha kwenye holda, kisha kwenye tulposti. Kabaidi, ndiyo iliyotengeneza tipu yako, inastahimili sana kukandamizwa. Kupindwa haistahimili. Umeona fundi marumaru akiacha uwazi chini ya kigae: kigae chenyewe kizuri, kigumu, lakini siku mtu akikanyaga juu ya ule uwazi kinapasuka. Tipu yako ni kigae hicho.

Sasa angalia picha yako mwenyewe, uikuze. Chini ya tipu kuna bamba jeusi lenye umbo lilelile, ndiyo shimu. Kona yake ya mbele, ile iliyo chini kabisa ya ncha inayokata, imemeguka. Naona kama milimita moja na nusu haipo. Holda ni mpya, hivyo haikuja hivyo. Tipu ya kwanza ilipopasuka chuma kiliendelea kuzunguka, kikaigonga shimu na kuing'oa kona. Tangu hapo kila tipu uliyofunga ilikuwa imeketi nyuma vizuri na mbele inaning'inia hewani, palepale gunia linapokaa. Hata ungenunua tipu za bei kubwa kuliko zote nchini, zingepasuka.

Kwa hiyo usifunge tipu ya saba. Tandaza kitambaa cheupe mezani na uifungue holda yote.

Ya kwako herufi yake ya kwanza ni P, na ya aina hii hushika tipu kwa wenzo. Ndani kuna kipande chenye umbo la L. Mguu wake umelala ndani ya holda, na kichwa chake kimesimama kupitia tundu la shimu mpaka ndani ya tundu la tipu. Skrubu ikishuka inakanyaga mguu wa wenzo, kichwa kinavuta tipu kurudi nyuma kwenye kuta mbili. Elewa hapo: wenzo unavuta kwenda nyuma, kwenda chini haubani sana. Ndiyo maana holda za wenzo ni nzuri mno kwa kubadilisha kona haraka, lakini hazisamehe kiti kichafu.

Toa skrubu, toa wenzo, halafu isukume shimu itoke. Imeshikwa na kibomba chembamba chenye mpasuo, kama springi. Kisukume kutoka chini kwa msumari ulionyooka na butu, taratibu, usikipinde. Ukishamaliza utaona kiti kitupu. Washa tochi ya simu, uiweke chini karibu usawa wa meza, mwanga upige kwa ubavu. Mwanga wa juu hauonyeshi kitu. Wa ubavuni unaonyesha kila kivimbe kwa kivuli chake. Tafuta vitu vitatu: chembe zilizokandamizwa, alama iliyobonyea, na uchafu kwenye pembe pale kuta mbili zinapokutana. Kwenye pembe ndiko uchafu unapopenda kujificha.

Mimi somo hili nililipata Singida, msimu wa alizeti, katika karakana niliyoajiriwa nikiwa kijana. Holda moja ilikuwa inavunja tipu na msimamizi akaagiza boksi jingine, likaisha nalo kwa siku tatu. Nikaifungua jioni watu wameondoka. Chini ya shimu, si juu yake, kulikuwa na chembe ya kabaidi ya tipu iliyopasuka zamani, ndogo kama chumvi ya mawe iliyosagwa, imejizika nusu kwenye chuma cha holda. Shimu ilikuwa inacheza juu yake kama meza yenye mguu mmoja mfupi. Niliichokoa kwa ncha ya sindano ya cherehani, nikapitisha jiwe laini la mafuta mara mbili tu kuondoa kingo zilizovimba, nikarudisha kila kitu. Holda ile ilifanya kazi tena. Kwa hiyo usiishie kusafisha kati ya tipu na shimu. Kuna uso mwingine chini ya shimu ambao wengi hawaujui kabisa.

Kusafisha, tumia brashi ya shaba au mswaki mkuukuu na mafuta ya taa kidogo, pembeni tumia kijiti cha mti kilichochongwa. Tambara lenye nyuzi linaacha nyuzi. Na hapa kwetu kuna vumbi. Upepo wa Dodoma wa mwezi wa Saba unaijua karakana yako kuliko wewe, na ule mchanga wetu mwekundu ukichanganyika na mafuta unakuwa ugoro mgumu. Holda zisizotumika zifunge kwenye mfuko wa nailoni. Ukibadilisha tipu katikati ya kazi, pangusa kiti kila mara, hata kama unaona kisafi, na uipanguse tipu mpya chini kwa kidole gumba. Kidole kinasikia chembe ambayo jicho haioni.

Nunua shimu mpya. Waambie duka ni ya CNMG 1204, uende na ile iliyovunjika, na ununue mbili, moja ikae kwenye droo. Shimu ni ya bei ndogo ukilinganisha na boksi la tipu.

Kufunga sasa. Rudisha wenzo, weka shimu, irudishe na kibomba chake mpaka kiwe chini ya uso wa shimu, kisichomoze hata unywele. Kikichomoza tipu itakaa juu yake badala ya kukaa kwenye shimu. Shimu ikishakaa, ijaribu kwa kidole kama inatikisika. Kisha weka tipu, na kabla ya kugusa skrubu, isukume kwa kidole gumba kwenda nyuma na chini, kwenye pembe ya kuta mbili, na uishikilie hapo. Endelea kuishikilia huku mkono mwingine unakaza. Wengi wanaitumbukiza tipu tundu kwa tundu na kuiachia skrubu ijitafutie. Skrubu inaweza kuipeleka ikiwa imepinda na kuifungia hapohapo.

Kuhusu nguvu ya kukaza: ingiza mkono mrefu wa alenki kwenye skrubu, na wewe shika ule mfupi. Kwa mkono mfupi huwezi kuzidisha. Ukisikia skrubu imefika na kugoma, ongeza kidogo sana, basi. Usiongeze bomba. Ukizidisha, wenzo unapinda, na wenzo uliopinda hautaonyesha dalili yoyote nje isipokuwa tipu ambayo kila siku inaegemea ukuta mmoja. Usikaze pia wakati hakuna tipu. Wenzo unakosa cha kuvuta. Wako, kwa jinsi alenki ilivyopinda, utoe uulaze juu ya kioo uangalie. Ukiwa na shaka, badilisha.

Halafu hakikisha. Chukua kalamu ya wino mzito, paka uso wa chini wa tipu na zile pande mbili zitakazogusa kuta. Ifunge, ikaze, ifungue, itazame. Uso wa chini, wino uwe umeguswa pande zote, hasa chini ya ncha. Pande mbili za nyuma, zote mbili ziwe na alama. Ukiona alama upande mmoja tu, tipu haijaegemea, imening'inia kwenye wenzo. Njia nyingine ya haraka kila siku: ukishakaza, jaribu kupitisha jani la geji ya unene la milimita 0.03 chini ya ncha. Likipita, fungua uanze upya. Kama huna geji, karatasi ya sigara inakaribia unene huo.

Jambo la nyuma ya tipu nalo usilisahau. CNMG ina makali pande zote mbili, kona mbili kali juu na mbili chini, jumla nne. Ukishatumia za juu na kuigeuza, uso uliokuwa unakata sasa ndio unaolalia shimu, na mara nyingi una chuma kilichonata karibu na kona. Kichokoe kabisa kabla ya kuigeuza. Na kona iliyokwisha iweke alama ya wino, usirudi kwayo kwa bahati mbaya. Zile kona butu za digrii 100 ambazo hujazigusa usizitupe pia: kuna holda ya PCBNR inayozitumia hizo, yenye pembe ya digrii 75, nzuri sana kwa kukwangua mkato mzito. Fundi mwenye kazi nyingi za shafti anairudisha gharama yake.

Holda za aina nyingine utakutana nazo, hivyo nigusie. Herufi ya kwanza ikiwa S, tipu inashikwa na skrubu moja inayopita katikati, kama CCMT kwenye holda ya SCLCR. Hapo tundu la holda limesogezwa makusudi kidogo nyuma ya tundu la tipu ili skrubu ikishuka iivute tipu kwenye kuta. Skrubu hizo ni ndogo, kichwa chake ni cha nyota, na ndizo zinazoharibiwa kuliko zote. Kwa skrubu ya tipu ya CCMT 09T3, inayochukua ufunguo wa T15, nguvu inayotakiwa ni karibu Nyutoni-mita 3. Ukitaka kuihisi, ning'iniza mfuko wa sukari wa kilo 3 kwenye mkono wa ufunguo, sentimita 10 kutoka kwenye skrubu. Ndiyo hiyo, si zaidi. Zile ndogo za CCMT 0602 zinataka kama theluthi moja tu ya hapo. Paka mafuta mazito ya shaba kidogo kwenye nyuzi zake, na kichwa kikianza kulegea kwenye ufunguo, badilisha siku hiyohiyo. Ukingoja, kitabaki ndani. Herufi ikiwa M, kuna pini katikati na klempu juu: weka tipu kwenye pembe, kaza pini, ndipo klempu ifuate. Ukianza na klempu tipu imeshafungwa na msuguano, pini haiwezi tena kuisogeza.

Usinunue tipu kwa kufanana sura. Soma herufi. Kwenye CNMG 120408, C ni umbo la kona ya digrii 80. N ni kwamba ubavu umesimama wima, hauna mteremko, na ndiyo sababu holda yako inailaza tipu ikiinamia mbele digrii kadhaa, la sivyo ubavu ungesugua kazi, yaani kipande unachokikereza. M ni daraja la usahihi, G ni kwamba ina tundu na mifereji ya kuvunjia nyuzi za chuma pande zote mbili. 12 ni urefu wa makali, 04 ni unene wa milimita 4.76, 08 ni mviringo wa ncha wa milimita 0.8. Herufi za holda zinafuata lugha hiyohiyo: herufi yake ya pili, C, lazima ifanane na C ya tipu, N na N, na 12 ya mwisho na 12. R ni mkono wa kulia, 2020 ni shina la milimita 20 kwa 20.

Mtego ninaouona mara nyingi ni wa DNMG, ile ya digrii 55. Kuna 1504 na kuna 1506. Ukizitazama kwa juu ni mapacha, zinaingia kwenye holda moja, tundu lilelile. Lakini moja ina milimita 4.76 na nyingine 6.35. Ukiweka ile nyembamba juu ya shimu ya ile nene, ncha inashuka chini ya senta, yaani mstari wa katikati ya mzunguko wa kazi, kwa milimita 1.6, na utahangaika siku nzima ukidhani mashine imechoka. Kipimo cha venia kinamaliza ubishi kabla hujalipa.

Nikirudi kwenye ile M ya usahihi: kwa saizi yako mwili wa tipu unaruhusiwa kutofautiana milimita 0.08 kuongezeka au kupungua. Kwa hiyo ukigeuza kona au kubadilisha tipu, usiamini namba uliyoiacha kwenye gurudumu. Gusa kazi, kata kidogo, pima, ndipo uendelee. Shafti za beringi nyingi zimekwenda kwenye chuma chakavu kwa kosa hili.

Holda yenyewe kwenye tulposti. Isitoke nje zaidi ya mara moja na nusu ya kimo cha shina. Yako ni milimita 20, basi isizidi 30. Ukiitoa hadi 60 umeongeza urefu mara mbili lakini kupinda kunaongezeka mara nane, na huko kulia unakokusikia na mawimbi unayoyaona mengi yanatoka hapo. Kwenye picha yako inaonekana imetoka sana, ipime. Vipande unavyoweka chini yake kupandisha senta viwe virefu kama shina linavyokalia, vimekatwa kwenye bati moja nene. Viwili vizuri kuliko vitano. Naona umetumia msumeno wa chuma uliokatwa. Si vibaya, lakini meno yake yamepindwa kulia na kushoto, hivyo haulali. Yasage meno kwanza.

Urefu wa senta uhakikishe kwa kukata uso wa kipande mpaka katikati. Ikibaki chunusi ya mviringo uko chini. Ikiwa chunusi inasagika na kusukumwa badala ya kukatwa, uko juu. Kuwa juu ni hatari kwa tipu kuliko kuwa chini kidogo, kwa kuwa ubavu unaanza kusugua. Na ukifanya jaribio hili na tipu, usiipitishe senta. Ng'ambo ya pili chuma kinapanda juu badala ya kushuka, kinaing'oa ncha.

Sasa tipu ya kwanza, ile iliyoanzisha yote. Spidi 280 kwenye kipenyo cha milimita 50 ni mita 44 kwa dakika. Hiyo ni spidi iliyozoeleka kwa haispidi, tena ni kubwa kwake. Kabaidi yenye koti, ule utando mwembamba mgumu juu yake, kwa chuma cha kawaida inaanzia kama mita 150. Kwa shafti yako hesabu inatoa mizunguko karibu 950. Najua utaogopa, na ni sawa kuogopa mpaka uhakikishe chaki, zile taya zinazoshika kazi, imeshika, senta ya nyuma, ile ncha inayoshikilia mwisho wa shafti, imekaza, na shafti haichezi. Kama mashine yako haifiki huko kwa utulivu, 700 inakupa mita 110, bado ni bora mara nyingi. Kabaidi ikikata polepole chuma kinanata kwenye makali, kinajijenga, kisha kinabanduka na kipande cha tipu. Kina kisiwe chini ya ule mviringo wa 0.8 isipokuwa mkato wa mwisho, na mwendo kwa mzunguko usizidi nusu ya mviringo, yaani 0.4, anza na 0.2. Nyuzi zikitoka fupi, zimejikunja kama namba 6 na 9, hapo umepata.

Shafti ya kuchomelea ni kesi ya peke yake. Ukoko wa juu una takataka ya fluksi, mashimo, na madoa magumu palipopoa haraka. Ncha inakutana na chuma, hewa, chuma, jiwe. Piga kwanza grainda kuondoa ukoko na vichwa vilivyochomoza. Kisha mkato wa kwanza upite chini ya ukoko kwa mara moja, usiulambe juu juu, maana kulamba kunaiweka ncha ndani ya takataka muda wote. Hapo punguza spidi theluthi moja. Na kama shafti imetengenezwa kutoka ekseli ya lori, kama wengi wetu tunavyofanya, ipitishe tupa kwanza. Tupa ikiteleza bila kung'ata, ngozi yake imefanywa ngumu kwa moto kiwandani, na tipu ya kawaida haitaipenda. Ilainishe kwanza au tafuta chuma kingine.

Kama unatumia kopo lenye tundu linalodondosha maji juu ya kazi, liondoe. Tipu inapata moto, tone linaipoza ghafla, inapata moto tena, na baada ya muda inajaa nyufa ndogo za kukatisha makali kama meno ya kitana. Ama maji yatiririke mengi bila kukatika, ama ukate kavu. Kwa maji ya hapa kwetu yalivyo ghali, nakushauri kavu. Kabaidi yenye koti inalimudu joto.

Na umeme ukikatika ncha ikiwa ndani ya chuma, usiizungushe chaki kwa mkono kurudi nyuma. Zima swichi, rudisha kisu nje kwa gurudumu la kukatisha, ndipo ungoje umeme.

Kuhusu feki: zipo, siwezi kukuficha. Lakini bado una nne, na zinaweza kujitetea. Zipime kwa maikromita, unene wote uwe karibu 4.76, duara linaloingia ndani yake 12.70, na zote nne zifanane. Zitazame makali kwa kioo cha kukuzia. Yawe na mviringo mdogo laini ulio sawa urefu wote, bila meno. Zikifaulu hapo, weka shimu mpya, fanya lile jaribio la wino, chagua shafti ya chuma safi na si ya kuchomelea, 700, kina 1.5, mwendo 0.2. Ukimaliza mkato mzima nipigie picha ya uso wa chini wa tipu pamoja na wino wake. Nitataka kuona kona ya mbele kwanza.